Ufunguo wa Kresha

Baba, shikamoo.

Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Lushoto? Mama anapata usingizi? Mimi ni mzima, ingawa vumbi la mawe limeingia hadi kwenye karatasi hizi.

Uliniuliza kresha inafananaje na mashine yako ya mahindi. Yako husaga, hii hutafuna. Hapa machimboni, kati ya Arua na Koboko, jiwe kubwa kama mbuzi huangukia kati ya mabamba mawili ya chuma. Moja limetulia, jingine linasukumwa mbele na nyuma kwa nguvu ya gurudumu zito. Juu pana, chini pembamba. Jiwe hupasuka, hushuka kidogo, hupasuka tena, mpaka lipite. Mkanda hulipeleka kwenye chekecheke zinazotikisika, na kila ukubwa wa kokoto huangukia lundo lake. Naiogopa, Baba, lakini siachi kuitazama.

Jiwe likikwama, fundi wetu, Mzee Drani, huzima umeme, husubiri gurudumu lisimame kabisa, hufunga swichi kwa kufuli, kisha hunikabidhi ufunguo mimi karani, ndipo aingie. Hapa aliyeutoa ndiye anayeupokea, mkono kwa mkono.

Jumanne jiwe lilikwama huku malori ya kwenda Oraba, mpakani, yakiwa yamepanga foleni. Msimamizi akanijia.

"Karani, leta funguo. Drani iko nje. Koti yake ile, iko kwa benchi."

"Atauchukua mwenyewe, bosi."

"Wewe nataka kazi ama hapana?"

Nikaufumbata ufunguo nyuma ya mgongo.

Sauti ya Mzee Drani ikatoka ndani ya kresha. "Nani iko napiga kelele? Letea mimi nyundo kubwa. Hii jiwe iko kichwa ngumu kama shemeji yangu."

Msimamizi akaondoka. Mzee Drani alipotoka na kuelezwa, alipokea ufunguo, akafungua kufuli, akawasha. Punde kokoto zikawa zinamiminika tena, safi, zinalingana.

Nisalimie Mama, shangazi Zawadi mshonaji, na kaka Idi anayekusaidia mashineni.

Msimamizi hajasema nami tangu siku ile, na Ijumaa yatasomwa majina ya watakaobaki kazini. Ukiniona nyumbani kabla ya mkataba kwisha, Baba, usidhani niliiba wala nilizembea. Niliombwa ufunguo, nikakataa.

Mwanao akuheshimuye,
Salimu