Omollo amemrithisha mzee Jens mjane

Wangari, acha unachofanya. Omollo amerudi kutoka kazini Campbelltown, amekaa tu kwenye gari, hataki kuingia ndani. Hajafukuzwa. Anasema afadhali wangemfukuza.

Si unamkumbuka yule mzee wa Denmark anayemtunza, Jens, asiye na mke? Leo walikuwa wanapekua vitabu vya zamani vya parokia ya kwao Denmark, wakitafuta mababu zake wakulima. Inge, mjane wa marehemu ndugu yake Jens, alikuwa hapo na keki.

Wakakuta babu mmoja amekufa, na kabla mwaka haujaisha mkewe ameolewa na kibarua wa shamba. Jens akashangaa, mbona haraka hivyo?

Sasa Omollo, mume wangu. Mume wangu akajibu, "Shamba lilitaka mwanamume. Hata sisi Wajaluo tunaelewa. Ila kwetu mjane angerithiwa na ndugu wa marehemu."

Ndugu wa marehemu, Wangari! Na Inge amekaa pale!

Jens akaikodolea keki macho. Omollo akajua kazi imekwisha, akaanza kuwaza kwenda kuomba kibarua kwenye viwanda vya Smithfield.

Inge akakata kipande, akamwekea Jens kwenye sahani, halafu akamgeukia Omollo.

"Mweleze tena, polepole. Mimi nimeshachoka kumweleza."