Kifurushi Kinaisha Jumapili

Jumanne, 2 Julai
Lwando kapiga simu kutoka kazini, kwenye mitambo ya upepo. Mume badala ya kuniuliza nimelalaje, anauliza kifurushi cha gemu! Kinaisha tarehe kumi na nne. Hataki nikilipie tena. Eti kwa nini nilipie kucheza mpira na watu nisiowajua mtandaoni, wakati kucheza na kompyuta ni bure? Kompyuta! Kompyuta haiumii ukiifunga mabao.

Nakiri, yale magemu ya zawadi yanayokuja na kifurushi kila mwezi sijafungua hata moja. Lakini miezi minne sasa mimi ni makoti hapa Komani, mke mpya kwa wakwe. Kitambaa kichwani, shali mabegani, macho chini, sauti chini. Kwenye gemu peke yake ndiko naitwa Nyuki, na nachokoza watu nitakavyo.

Ijumaa, 5 Julai
Nimemfunga Mchungaji58 nne bila! Tulikutana kwenye ligi ya wachezaji wa Komani, wiki tatu zilizopita. Hatuongei, tunaandikiana tu. Nimemwandikia: Mzee, una miguu ya kuku, kacheze na wajukuu. Akajibu: Nyuki asiye na asali wewe, kesho utalia. Nikacheka hadi mama mkwe akauliza kutoka jikoni, makoti, unakohoa? Nikasema ndiyo, Mama. Nimenyweshwa mhlonyane, dawa ya majani ya kikohozi, kikombe kizima. Uchungu wake!

Jumatano, 10 Julai
Ardhi inimeze.

Saa tisa mchana namfunga Mchungaji58 bao la kwanza — nyuma ya ukuta, gereji, sauti ya uchungu: "Hayi!" Nikadhani ni redio. Tata, baba mkwe, hushinda gereji na redio yake, mlango kaufunga. Bao la pili — "Hayi, hayi!" Nikasimamisha mchezo. Ukutani kimya. Nikaendelea, nikampa penalti makusudi. Kicheko! Tena kile cha Tata, chenye kikohozi mwishoni.

Mchungaji58. Kazaliwa mwaka hamsini na nane!

Mtu ambaye jina lake mimi kama makoti siruhusiwi kulitamka — hata hapa siliandiki — nimemwambia ana miguu ya kuku. Nimemtuma kwa wajukuu. Wajukuu wenyewe ni mimi ninayesubiriwa niwazae!

Alhamisi, 11 Julai
Leo nimecheza kwa adabu. Nimefungwa tano, sikuandika neno. Akaandika yeye: Nyuki, unaumwa? Siku bila matusi yako ni ndefu mno.

Nimesoma mara tatu. Jioni nikampelekea chakula, magoti chini, macho kwenye mkeka. Akasema, asante, makoti. Maneno mawili, yale yale ya kila siku. Kumbe ana mengine! Nikaenda kulia kidogo chumbani. Nampenda huyu mzee. Sasa najua hasa ninalipia nini, na ndilo jambo nisiloweza kumweleza Lwando.

Jumapili, 14 Julai
Lwando yupo, na kagundua kitu. Nyumba moja, vifurushi viwili! Hata Tata analipa! "Yaani nyie watu, ukuta mmoja katikati, kila mtu analipa chake? Mna akili kweli?" Kabeba mashine yangu ya gemu hadi sebuleni. Kontrola mbili, mkeka mmoja. "Haya, chezeni hapa. Bure!"

Bure! Mama kaacha kuchambua maharage, mkono mdomoni. Makoti aketi bega kwa bega na baba mkwe, amfunge mabao? Tata anatazama dirishani. Kontrola moja iko mkekani, upande wangu.

Nikasema naenda kuchemsha chai. Naandika hapa jikoni, juu ya pipa la unga. Chai imechemka mara mbili. Kifurushi kinaisha saa kumi na mbili, bado nusu saa. Lwando ananiita. Mama anamwambia aniache.

Simu imetetemeka, ujumbe wa gemu. Mchungaji58: Nyuki, hiyo ni chai au ni woga?

Anajua! Tangu lini?

Nimemjibu kabla sijafikiri: Mzee, inyooshe miguu yako ya kuku, nakuja.

Sebuleni kicheko, na kikohozi mwishoni. Mama anauliza, kuna nini?

Nimekaza kitambaa. Vikombe vinne kwenye sinia. Natoka, na bado sijui nitakaa wapi —