Jiwe la Bibi na Daraja la Zamani

Babu, mchumba wangu,

Kuna kitu sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Nilikununia. Siku ya mazishi yako watu waliniona nimekaa kimya pembeni ya turubai, wakasema huyu mtoto uchungu umemwingia ndani. Haukuwa uchungu tu. Nilikuwa na hasira na wewe. Niliona umeondoka na Yusta mfukoni, umemwacha Bibi mikono mitupu.

Unayajua mwenyewe haya, lakini acha niyaandike, maana nikiandika ndiyo naelewa. Yusta alikuwa mtoto wenu wa kwanza. Alipofariki, akiwa na wiki chache tu, Bibi alikuwa bado amelazwa hospitali. Wewe na kaka yako mkamzika karibu na nyumba yenu ya kwanza, kule chini mtoni, na wazee wakakukataza kumwonyesha Bibi kaburi mpaka apate mtoto mwingine. Mpaka anampata Baba, mto ulikuwa umeshawafukuza, nyumba imebomoka hata Bibi asitambue ilipokuwa, mmehamia huku juu. Na kila Bibi alipouliza, hukumpeleka, ulijibu tu maneno yaleyale: "Yuko karibu na daraja. Nimemwekea jiwe kichwani."

Jiwe! Iringa hii, Babu? Ukirusha fimbo inaangukia jiwe.

Halafu ukapooza, ukabaki unanyoosha kidevu kuelekea mtoni. Halafu ukaondoka.

Tangu hapo Baba Mdogo ametafuta pale kwenye daraja la barabara kuu, amefyeka majani mpaka madereva wa malori wakawa wanamuuliza kama kapoteza simu. Hakuna kitu. Na miguu ya Bibi imezidi kuvimba. Shangazi ameshamwandalia chumba kwake Mbeya, kule Uyole, ili awe karibu na kliniki. Bibi akagoma. "Siendi. Nitaondokaje bila kumuaga mtoto? Kaburi lake lenyewe silijui." Shangazi akalia kwenye simu. Baba akasema, basi tutambeba tu, atake asitake. Hilo nililisikia kupitia ukutani, Babu, na usiku ule sikulala vizuri.

Ndipo nikaitoa ile bahasha kubwa ya kaki ya eksirei uliyokuwa unawekea picha. Unaikumbuka ile uliyopiga na baiskeli, umevaa bugaluu pana kama sketi? Nyumba nzima tumeicheka picha ile miaka yote. Bibi alikuwa akisema, "Huyu ndiye aliyenidanganya kwa suruali." Sasa safari hii sikutazama suruali. Nilitazama ulichokanyaga. Ulikuwa umesimama juu ya daraja, na lilikuwa la mbao.

Daraja la sasa ni la zege. Tulikuwa tunacheka suruali, na daraja lilikuwa chini ya miguu yako.

Nyuma ya bega lako kulikuwa na mawe mawili makubwa mlimani, moja limekaa juu ya jingine limeinama upande, kama mlevi aliyevaa kofia.

Shuleni, Madam wa Jiografia ana ramani ya zamani ya eneo letu, imebandikwa selotepu mpaka imekuwa ngumu kama ngozi. Ilinichukua siku kadhaa kumfuata. Unanijua. Nilipofungua mdomo mlangoni pa ofisi ya walimu akaweka kalamu chini: "Heh! Kumbe una sauti?" Walimu wakacheka. Zamani ningekimbia. Nikasema, naomba kuona ramani, Madam, namtafuta mtoto. Kicheko kikakatika.

Kwenye ramani ile barabara haivuki mto pale inapovuka leo. Inavuka juu zaidi, kwenye kona, na kuna vijumba vyeusi vidogo kama mbegu za ulezi. Nikaviwekea juu karatasi ya maandazi, ile iliyolowa mafuta hadi inapitisha mwanga, nikafuatisha kwa penseli. Jioni nikamwonyesha Bibi. "Kizungu kimesema nini hapo?" Nikamtafsiria kwa Kiswahili, Baba akamalizia kwa Kihehe pale niliposhindwa. Bibi akaweka kidole juu ya kimoja cha vile vijumba, akakaa nacho hapo muda mrefu.

Jumamosi tulikwenda. Baba Mdogo alimpakia Bibi kwenye bajaji hadi mwisho wa njia, kisha tukashikana mikono. Kote siku hizi ni bustani, Babu: chainizi, figiri, vitunguu, na pampu zinanguruma. Mimi nilitangulia na picha nimeinyoosha mbele ya uso kama kipofu. Yale mawe mawili yalikuwa yakionekana, lakini yamekaa vibaya, kofia iko upande mwingine. Nikaendelea na kona ya mto. Yakasogea. Nikaendelea. Mpaka kofia ikakaa pale ilipokaa nyuma ya bega lako, nikasimama, na pembeni yangu majini kulikuwa na kisiki cha nguzo ya daraja kimeoza.

Nilipiga kelele, Babu. Mimi! Baba Mdogo alidhani nimeumwa na nyoka.

Mama mwenye bustani ya pale alitoka na mundu mkononi. Tukamweleza. Akasema, "Mimi kaburi sijaliona hapa, ila jiwe lipo. Nimelikuta. Zito, nikalizungushia tuta, nalitumia kunolea." Akatupeleka mpaka penye figiri.

Halikuwa jiwe la mlimani. Lilikuwa limechimbika katikati, laini kama bakuli. Bibi aliliinamia polepole mpaka akakaa chini, akalipapasa ubavuni, akakuta pale palipomeguka.

"Jiwe langu!"

Tukamtazama.

"Jiwe langu la kusagia! Alilonipa mama yangu nilipoolewa! Mzee huyu aliniambia limeibiwa!"

Kumbe ulilibeba wewe. Jiwe lolote lingeweza kupotea kati ya mawe, ukachukua lile ambalo yeye peke yake angelitambua. Umemwachia alama miaka yote, ila hukumwambia. Ungemwambia tu, Babu! Lakini pale ndipo hasira yangu iliponiishia, sijui ilikwenda wapi, kama mtu ametua ndoo kichwani.

Bibi alicheka huku machozi yanamtoka. "Na mimi miaka yote namnunia jirani yetu Mama Felista! Nikajua ni yeye tu!" Akaweka viganja viwili kwenye lile shimo, akavisogeza mbele na nyuma, kama anasaga. Akamsalimia kwa Kihehe, "Kamwene, Yusta. Mama yako amefika." Pampu ikazimika. Yule mama aliizima mwenyewe, hakuna aliyemwomba.

Jana Bibi alinituma kwa Mama Felista na kuku. Nimwambie jiwe limepatikana, amsamehe. Maskini Mama Felista akanikodolea macho: "Jiwe gani?" Hakuwahi kujua kama amenuniwa! Nilicheka njia nzima, peke yangu, barabarani, watu wananiona.

Kesho alfajiri Bibi anakwenda Mbeya. Amefunga mizigo mwenyewe. Ananiita mke mwenzake kama kawaida, ananiagiza nisiharibu sufuria zake. Nitalala chumba hiki bila kikohozi chake, na bila chako. Naogopa kidogo. Kidogo tu.

Naahidi hivi. Jumamosi nikitoka kufua nitashuka mtoni. Nitapalilia kuzunguka jiwe, yule mama amekubali kuliacha tuta hilo liwe la maua. Nitapiga picha nitume kwenye simu ya Shangazi, Bibi aone. Na ile yako ya bugaluu nitaitunza, ila sasa nitawafundisha wadogo zangu kutazama chini.

Nasikia fimbo ya Bibi kwenye ukumbi. Kurasa hizi nimekuwa nikizificha chini ya kitabu cha Bayolojia kila mtu akipita. Najua atauliza, "Mke mwenzangu, unamwandikia nani?" Na akijua ni wewe atataka nimsomee, hata pale niliposema nilikununia.

Acha anikute. Karatasi iko mezani, taa inawaka.

Pumzika, mchumba. Sikununii tena.