Jina la Mama Kwenye Simu

Naviundu, Lubumbashi
Jumatatu, 9 Juni

Papa wangu mpenzi,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, goti lako limetulia na baridi ya Juni haijakulaza kitandani. Huku Naviundu upepo unatupulizia vumbi hadi ndani ya sufuria, lakini tunapumua, Mungu ashukuriwe. Mwili wangu ni mzima. Kichwa ndicho hakitulii. Barua hii naiandika kwa mara ya nne. Zile tatu za kwanza nilizitia kwenye mbabula kuwashia makaa, na makaa hayohayo yakaniunguzia kilo mbili za karanga, kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni naangalia simu. Haikulia.

Magunia mawili uliyotuma yalifika kamili. Dereva alitaka nimwongezee kitu, eti gunia moja lilikuwa zito kuliko abiria. Nikamwambia basi angelikalisha mbele. Karanga za mwaka huu ni nzuri sana, Papa, asante. Najua utashangaa kwa nini nakuandikia badala ya kukupigia. Ningekupigia, ungefanya kama unavyofanya siku zote nikianza habari nzito: ungesema mtandao umekata. Karatasi haikati. Mpe dereva soda kwa ajili yangu, usimpe maneno yako ya ubahili.

Habari zenyewe ni za biashara, na si nzuri. Unakumbuka jinsi tunavyofanya. Naweka picha za chupa za karanga za kusaga kwenye WhatsApp, mtu wa Karavia au wa Katuba anaagiza, analipa kwa simu, ndipo yule kijana Précieux anampelekea kwa moto, ile pikipiki yake. Lazima alipe kwanza, kwa sababu nimeshapeleka chupa kumi kwa mtu aliyeniambia nimsubiri getini, na mpaka leo namsubiri. Wateja nao wanaogopa wezi kama mimi. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, kila mtu anaangalia jina linalotokea kwenye simu yake, jina la mwenye laini. Jina likimridhisha, anabonyeza.

Na jina lililokuwa likitokea ni la Mama. Mimi nilipoanza sikuwa na kadi ya mpiga kura, na bila kadi hupati laini yako. Mama akasema wateja watumie namba yake, ileile uliyokuwa ukimpigia kutoka kila stesheni ulipokuwa bado kwenye reli. Simu ilikaa jikoni kando ya chumvi. Pesa ikifika alipaza sauti mpaka majirani wasikie, “Imeingia”, nami ndipo nafunga chupa kwenye karatasi. Wewe ulikuwa ukinung'unika kwenye kiti chako kwamba nyumba imekuwa soko. Nakumbuka hata jinsi ulivyokuwa ukinung'unika huku unatabasamu.

Sasa nakuja pale ninapopaogopa. Siku ya kutoa matanga, mwezi wa kumi, vitu vyote vya Mama vilipowekwa kwenye mkeka mbele ya ukoo wake, mama mdogo Mwenya aliishika simu, akaifungua nyuma, akauliza laini iko wapi. Nilijibu kwamba ilipotea hospitali. Ulikuwa umekaa palepale, bila viatu, ukisubiri maji. Wakakunawisha, wakakwambia hakuna kitu cha marehemu kilichobaki kwako, uko huru. Papa, kilikuwa kimebaki. Laini ilikuwa ndani ya simu yangu, kwenye mfuko wa sketi yangu, na nilikuwa nimeizima ili isilie wakati wa sala.

Sikuiba kwa uchoyo, ingawa ukiita wizi sitabisha. Wateja mia moja na arobaini walikuwa na namba ile. Nilijiambia, nikiwapa namba mpya yenye jina wasilolijua, watasema nimekuwa tapeli, na ada ya shule ya mdogo wangu Caleb itatoka wapi. Kuna jambo jingine pia. Kila mteja aliponitumia picha ya ujumbe wa malipo, juu kabisa niliona Constance Nkandu, kana kwamba bado yuko jikoni. Nilipenda kuliona. Wewe ulishaondoka kwenda Lukafu kulima, Caleb hataki kusikia habari za Mama, nami nikabaki na jina hilo la kwenye simu. Nilikuwa naona haya kulipenda, lakini nililipenda.

Njia ya mwongo ni fupi, ingawa yangu ilienda miezi saba. Mwezi uliopita Maman Sephora wa Karavia, yule aliyeimba na Mama kwaya na kulia kwa sauti kubwa kwenye mazishi, aliagiza chupa sita. Hajawahi kununua kwangu, siku zote alikuwa akisema karanga zangu ni ghali. Alipoandika namba, jina likatokea. Nasikia aliitupa simu kwenye beseni la nguo. Ilipokauka aliandika kwenye kundi la akina mama wa parokia: “Bamama, muangalie jina mbele ya kutuma falanga. Mwenye anapokea alishaka kufa.” Hakutaja jina langu. Hakuwa na haja.

Kufikia jioni, Naviundu nzima ilikuwa inasema kwamba mimi “anatumikishaka mama yake ku biashara”. Unajua neno hilo linavyofanya kazi hapa kwetu. Mtu akisemwa hivyo ameshaitwa mchawi, hata maji yake hayanywewi. Wateja wakaanza kutoka kwenye kundi langu mmoja mmoja, nikiwatazama wakitoka, kwa sababu simu inakuonyesha kila anayetoka na saa aliyotoka. Waliobaki ni thelathini na wawili. Wengine waliokuwa wameshalipa walidai pesa zao, nami nikawarudishia bila kufikiri, kutoka kwenye laini ileile. Basi wakapokea pesa iliyotumwa na Constance Nkandu. Mmoja aliipeleka yote kanisani siku hiyohiyo, akaombewa. Précieux hakuacha kazi, namshukuru, lakini amefunga rozari kwenye usukani wa moto na chupa zangu anazishika kwa ncha za vidole.

Tangu hapo sikai mahali pamoja. Nafagia ua uliokwisha fagiwa. Naenda hadi mtoni, nafika nusu ya njia, nakumbuka nimeacha simu, narudi. Nimekuwa mkali kwa Caleb bila sababu. Na nina hasira na Maman Sephora, sitakuficha, ingawa alichosema kilikuwa kweli tupu, na labda ndiyo maana nina hasira.

Alhamisi wiki iliyopita mama mdogo Mwenya alifika. Hakuketi. Alikuwa na mkasi kwenye mkoba, nikauona, na akaniambia kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu, “Jina ya muntu alikufa haiuzishake kalanga.” Nilikiri kila kitu. Alilia kidogo, akanitukana kidogo, halafu akasema kwamba kosa langu kubwa si la kwake wala la wateja. Kosa langu ni kwako, kwa sababu ukoo wao ulikutamkia uhuru juu ya mkeka wenye uongo, na maneno yale sasa hayana nguvu. Itabidi laini itolewe mbele ya watu, ikatwe, na wewe unawishwe upya. Lakini kabla ya hapo akaniamuru nimrudishie kila mtu pesa yoyote iliyoingia kwenye jina la Mama bila kupewa kitu, hata kama ni faranga kumi.

Hapo ndipo nikamkumbuka mteja mmoja wa ajabu. Tangu Januari, kila Jumapili kabla ya saa sita, faranga mia tano zilikuwa zinaingia. Hazikuwa na agizo, hazikufuatwa na ujumbe. Mia tano hainunui hata kifuniko na nusu. Mwanzoni nilidhani mtu amekosea namba, baadaye nikadhani kuna mama fulani analipia chupa yake kidogo kidogo na anaona haya kusema. Hata niliandika kwenye WhatsApp kuuliza ni nani, watu wakanicheka. Wengine wote walipokimbia, yeye hakukimbia. Jumapili ya maneno yale mabaya mia tano iliingia kama kawaida. Kusema kweli nilimpenda mteja huyo kuliko wote, na pesa zake nilinunulia vifuniko.

Nikatafuta ujumbe wake. Pesa zilikuwa zinatumwa kutoka kibanda cha wakala, si kutoka simu ya mtu. Nikapiga namba ya wakala. Akapokea kijana mwenye adabu, akaniambia anaitwa Floribert, kibanda chake kiko Lukafu, karibu na kanisa.

Papa, nilikaa chini pale pale uani.

Nilimwambia natafuta anayetuma mia tano. Hakuwa hata na haja ya kufikiri. Alisema: “Ni muzee moya, anakuyaka kila siku ya yenga, Jumapili, kisha misa. Ananiambiaka: andika namba, soma jina kwa nguvu. Nikisomaka, anasema, iko yeye. Anaweka mia tano, anaenda.” Alisema siku ya kwanza mzee huyo alitaka tu kujua kama namba bado inaishi. Floribert akamweleza kwamba jina halitokei mpaka uanze kutuma kitu, na kitu kidogo kabisa anachokubali kutuma ni mia tano. Alisema siku moja watu walikuwa wengi akasoma kwa sauti ya chini kwa haraka zake, mzee akamwomba asome tena. Nikamuuliza kama mzee huyo alishawahi kusema ni jina la nani. Akasema hapana, na yeye hakuuliza, ila alifikiri labda ni mke aliyekwenda mjini na harudi.

Mara ishirini na mbili, Papa. Wewe unayebishana na muuza kiberiti mpaka anakupa cha bure. Wewe uliyeniambia siku ya mazishi kwamba mtu akishakwenda haitwi tena, na ukanikataza kulia uani. Nilikuwa nakuona mgumu. Nilikuwa hata nasema hivyo kwa watu, na hilo nalo nakuomba unisamehe. Muda wote huo tulikuwa wawili tunaliangalia jina lilelile, wewe upande wa kutuma, mimi upande wa kupokea, na kila mmoja anamficha mwenzake.

Nilimweleza mama mdogo Mwenya. Mkasi ulikuwa mezani tayari. Aliutazama, akaurudisha kwenye mkoba, akasema, “Tuache kwanza. Muzee asikie tena.” Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu tutakuja Lukafu, yeye, mimi, Caleb na wajomba wawili, tutatandika mkeka, nami nitaiweka laini juu yake kwa mkono wangu na kusema uongo wangu wote mbele yao. Wataikata. Watakunawisha, na safari hii itakuwa kweli. Wateja nimeshawapa namba yangu mwenyewe, nilipata kadi, na sasa linatokea jina la Syntiche Kasongo. Wanne wamelipa. Wanne si haba.

Zimebaki Jumapili mbili, Papa. Sitakuzuia kwenda kwa Floribert, wala sitaki uache kwa ajili ya aibu. Nenda kama kawaida, mwache asome jina kwa nguvu, sema neno lako. Ila nakuomba usiondoke haraka. Ukishaweka mia tano, kaa kwenye benchi lake kidogo, uishike simu yako mkononi. Italia, na utaona ni namba ya Mama. Usishtuke, nitakuwa mimi. Watu wanasema sauti yangu imeanza kufanana na yake, hasa nikiwa jikoni. Sina maneno mengi ya kukwambia, na wewe hutajibu, nakujua. Ni kwamba umetuma mara ishirini na mbili na hakuna aliyekujibu. Nataka ulisikie neno lile la Mama angalau mara mbili kabla hawajaikata laini, jinsi alivyokuwa akilisema jikoni, kwamba imeingia.

Caleb anakusalimu na kuuliza kama mbuzi amezaa. Mama mdogo Mwenya anakuamkia kwa heshima. Nisalimie wote wa hapo nyumbani, pamoja na Floribert, lakini usimwambie kitu. Ujifunike vizuri asubuhi, na goti ulipake mafuta niliyokuwekea ndani ya gunia tupu pamoja na barua hii.

Ni mimi mwanao, niliyekukosea na ninayekupenda,

Syntiche