Kiroba cha Mwezi Mzima

Jumamosi, 25 Januari 2025

Pensheni imeingia. Leo nimefanya uamuzi ambao ningepaswa kuufanya mwaka juzi, Marietha alipofiwa na mumewe na kuhamia kwangu: katika nyumba hii tutanunua vyakula mara moja kwa mwezi. Basi!

Mdogo wangu huyu huenda gengeni kila siku, pengine mara mbili. Asubuhi sukari robo. Jioni mafuta ya kupima, nyanya tatu, unga kilo moja. Nimeandika manunuzi yake kwa wiki tatu bila kumwambia. Kwa vipimo hivyo vidogo tunalipa karibu theluthi zaidi ya bei ya jumla. Theluthi! Na siku nne za mwisho wa mwezi tunakunywa chai bila sukari, watu wazima wawili.

Nimemwambia wakati wa chakula cha jioni. Akauliza, na mboga? Nikasema mboga pia, zile zinazoweza kukaa. Akasema, "Sawa, dada," akaendelea kula.

Jumatatu, 27 Januari

Tumekwenda mjini, duka la jumla. Kiroba cha sembe cha kilo ishirini na tano. Mchele, maharage, sukari kilo tano, dumu la mafuta ya alizeti, sabuni za mche, tenga dogo la nyanya, vitunguu. Nimeteua, nimepatana bei, nimelipa. Saa moja tu.

Kefa ametubeba kwa bajaji yake. Nilimfundisha darasa la nne. Hakuwa na utulivu, na hadi leo hana. Marietha alitaka tukifunike kiroba kwa kanga. Nikamwuliza, kwani tumeiba? Akaikunja kanga. Tulipoingia mtaani kwetu Mwankoko, Kefa akapiga honi na kutangaza: "Jamani, Mwalimu amefungua duka!" Wanawake waliokuwa wakipalilia kando ya njia wakainua vichwa. Wote.

Kila kitu kimo katika chumba cha nyuma. Nimefunga kwa kufuli na ufunguo ninao mimi. Si kwamba simwamini Marietha — ni utaratibu.

Alhamisi, 30 Januari

Mama Peniel, jirani wa upande wa juu, amekuja na bakuli. "Shikamoo, Mwalimu. Nimepungukiwa kidogo tu." Kwetu, miezi hii ambapo mahindi na mtama bado ni majani shambani, mwenye kiroba ndani hamwambii mtu hakuna. Nami sijapata kusema uongo mlangoni pangu. Nikampimia. Bakuli lilikuwa na kina kirefu kuliko lilivyoonekana.

Saa kumi akaja binamu yetu Zefania, na ndoo. Ndoo! Akasema amesikia Mwalimu amevuna kabla ya wenzake. Nikampa naye, nusu ya ndoo. Akatazama ndani kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta nusu iliyobaki.

Jumapili, 2 Februari

Kanisani nimesalimiwa kwa heshima isiyo ya kawaida. Watu watatu wameniuliza habari za afya yangu. Wawili walikuwa mlangoni kabla ya jua kuzama.

Marietha alisimama akinitazama nikipima. Akacheka — mara ya kwanza tangu Jumatatu. Akaniambia kwamba alipokuwa akinunua cha siku, mtu akija jioni alimjibu, "Tumekula, kimekwisha," na ilikuwa kweli tupu. Hakuna aliyenuna wala aliyeaibika.

"Ulidhani mimi sijui hesabu, dada?"

Nikafunga kiroba. Kufundishwa hesabu sijazoea.

Jumanne, 4 Februari

Kiroba kimefika nusu. Siku nane! Nyanya zimeoza chini ya tenga, ingawa nilizipanga kwa uangalifu. Nimezitupa kabla Marietha hajaamka. Nadhani aliziona.

Asubuhi amefua kanga alizofua jana. Kisha akaketi kibarazani, mikono mapajani, akitazama njia. Nikamwambia apumzike, ana miaka sitini na minne na amelima vya kutosha. Akasema amepumzika tangu Jumatatu ya wiki iliyopita.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda gengeni mwenyewe kutafuta nyanya. Sikumtuma Marietha. Kumtuma kungekuwa kukiri kwamba nilikosea, na nilitaka kwanza nijue nimekosea kiasi gani.

Genge ni la Loyce, mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti inayofika msikitini. "Shikamoo, Mwalimu! Mdogo wako anaumwa?" Nikasema haumwi. "Amesafiri?" Hajasafiri. "Basi tumemkosea nini?" Akanionyesha kigoda kando ya meza ya dagaa. Hicho ni cha Marietha. Hukaa hapo kila siku akichambua dagaa na kumenya vitunguu saumu, na kina mama humsimulia mambo yao kwa Kinyaturu. Wiki iliyopita wawili waligombana kwa ajili ya ndoo kisimani, na Loyce anasema ugomvi umechukua siku tatu kwa sababu Marietha hakuwapo. Miaka miwili nimekaa na mdogo wangu nyumba moja. Sikujua kwamba kuna watu wanaomngoja.

Nikachagua nyanya nne, nikalipa. Loyce akanipa nyanya nne. Nikasema nimesikia Marietha hupewa nyongeza. Akacheka hadi akashika meza.

"Nyongeza ni ya mteja, Mwalimu. Wewe si una duka lako?"

Jumamosi, 8 Februari

Leo nimemsikia Marietha akizungumza kwa simu nyuma ya nyumba. Sikujificha, nilikuwa nikianua nguo. Alikuwa akiongea na Innocent wa Mgori, mtoto wa marehemu mumewe. Alimwambia kwamba hapa ana cha kula na pa kulala, dada hajamkosea kitu, lakini nyumba ina kila kitu na yeye haoni tena ni wa nini ndani yake. Akauliza kama bado kuna nafasi. Akasikiliza. Akasema jikoni panatosha, si mara yake ya kwanza.

Napajua jikoni hapo. Nilikwenda kumchukua mwenyewe mwaka juzi. Alikuwa akilala kando ya mafiga, na Eliana, mke wa Innocent, alikuwa akimhesabia vijiko vya chumvi. Kifua chake kilichukua miezi mitano kupona moshi ule. Akirudi huko, kwa umri huu, sidhani kama nitamchukua tena akiwa mzima.

Anaondoka Jumatatu. Ameniambia mwenyewe wakati wa chai, taratibu, kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka darasani. Nikasema, "Umekwisha amua?" Akasema ndiyo. Nikasema sawa.

Sawa! Miaka thelathini na minane nimewafundisha watoto wa watu kujieleza.

Jumapili, 9 Februari

Nilikusudia kuzungumza naye baada ya ibada. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri. Tukaketi. Nikamwambia maharage ya safari hii yana mawe.

Akasema, "Nimeyaona, dada."

Amepanga nguo zake. Begi moja. Si kubwa.

Jumatatu, 10 Februari

Kefa amefika saa tatu. Gari la Mgori huondoka stendi saa tano. Akaliweka begi ndani ya bajaji, akamwuliza Marietha kama anahama au anatembea. "Natembea," akasema Marietha. Kefa akanitazama mimi. Hata yeye hakutania.

Marietha akainama kunisalimu, akasema, "Dada, nashukuru." Nikajua hapo ndipo penye nafasi, na kwamba haitakuwapo nyingine. Maneno niliyoyapanga jana yakawa hayapo. Nikasikia sauti yangu ikisema:

"Mboga hakuna."

Akaniangalia. Nikarudia. Nikasema, mboga ya leo hakuna ndani ya nyumba hii, mimi sijui kuchagua, na Loyce hanipi nyongeza. Nikatoa noti ya elfu kumi kutoka kwenye kitambaa, nikamkabidhi.

Akaigeuza noti ile. "Ya mwezi mzima?"

"Ya leo," nikasema. "Na kesho utahitaji nyingine."

Akaifunga kwenye pindo la kanga. Kefa akasema, "Mama, muda." Marietha akapanda, akakaa kando ya begi lake. Nikamsikia akimwambia apitie kwanza gengeni. Halafu nini, sikusikia, kwa sababu Kefa alikuwa ameshawasha injini.

Hapa hadi kwa Loyce ni dakika saba kwa miguu. Kwa bajaji ni mbili. Sasa ni saa nne na nusu. Niliandika mstari wa kwanza wa leo saa tatu na robo, na tangu hapo nimekwenda kibarazani mara sita. Hakuna bajaji. Mama Peniel amepita akaniuliza namngoja nani. Nikamjibu nakagua uzio.

Huenda wanawake wa gengeni wamemkalisha. Ana habari za wiki mbili za kusikiliza. Huenda Kefa amemwambia muda umekwenda, nao wamekwenda stendi moja kwa moja, na elfu kumi yangu inaelekea Mgori. Siwezi kumpigia simu. Ningemwuliza nini?

Saa tano kasorobo. Nimewasha jiko. Ni mapema kwa chakula cha mchana, najua.

Maji yamechemka. Nimepima unga wa watu wawili. Sijautia.