Mbasa wa Ottilia

Asteria, acha jembe usome. Nina hasira mimi!

Yule mzungu Helga, aliyehamia jirani na mdogo wangu Ottilia huku Lundo. Jana Ottilia kampelekea mbasa mzima, yule samaki mtamu wa ziwani, wa kumkaribisha, kamkaanga vizuri, kamfunika kwa kitambaa cheupe.

Mzungu kaiweka sahani chini, kamwita mbwa! Ottilia bado kasimama mlangoni! Mbwa, Asteria! Eti, "Asante mama, Bruno anapenda sana samaki."

 Ottilia kaichomoa sahani yake mdomoni mwa mbwa, kaondoka.

Sasa hivi Helga huyohuyo kapiga hodi kuomba chumvi, mbwa nyuma yake. Ottilia kamsogezea mbwa kigoda.

"Karibu jirani, keti. Huyo uliyekuja naye asubiri nje."