Mkono Mgongoni, Kona ya Matenga

Sumbawanga,
Jumapili, 16 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Mwamuzi mkuu wa mashindano ya baiskeli, Bwana Ebenezer, ametangaza asubuhi hii mbele ya timu zote kwamba nimeondolewa. Sababu aliyoisoma ni moja: mshindani namba kumi na saba alisukumwa na watu kwenye mlima wa Kipili. Hakuna rufaa. Nimeona nikuandikie mwenyewe kabla hujalisikia kwa makondakta likiwa limetiwa chumvi.

Natumaini umeamka salama, na kifua cha mama kimetulia na baridi hii. Mimi mwili ni mzima.

Jana tulipotoka Kipili nilikuwa wa tatu kwa jumla. Tulipofika Kona ya Matenga nilikuwa mbele peke yangu, na Edith wa Zambia alikuwa nyuma yangu kama urefu wa uwanja wa mpira. Nilikuwa nimechoka lakini sikuwa nimeshindwa. Ndipo mlipotoka kwenye majani, wewe na wachukuzi wenzako wa samaki. Mkono wa kwanza kunigusa mgongoni ulikuwa wako. Niliujua kabla sijageuka. Nilisema, "Niache." Nikasema tena. Mkazidi kusukuma, na Mzee Fabiani akawa anaimba. Nyuma yenu ilikuwepo pikipiki ya waamuzi, na aliyepakiwa alikuwa anapiga picha.

Unajua nilikuwa natafuta nini. Ile timu ya kulipwa ya Arusha ilimleta mtu wake kututazama. Sasa imebaki nafasi moja tu: mbio za mchujo, Jumamosi tarehe 24 Agosti, barabara ileile, Kipili hadi Namanyere. Watachukuliwa watatu wa kwanza, kwa mkataba na mshahara. Mwalimu wa timu yetu, Atusaye, amekubali nibaki kambini hadi siku hiyo.

Naomba siku hiyo usije mlimani. Simu nimeizima kwa sababu kwenye simu utanibembeleza nami nitalainika.

Binti yako,
Emerensiana

---

Namanyere,
Jumatano, 19 Juni 2024

Mwanangu Ema, marahaba.

Kondakta aliniletea barua hadi kwenye meza yangu ya samaki, akasimama anangoja niifungue. Nilimwuzia migebuka miwili akaenda zake.

Kifua cha mama yako kimetulia. Mwenyewe hajatulia. Tangu Jumamosi ugali unakuja, maneno hayaji. Jana alinitamkia neno moja, "Mchukuzi," akageuka akaendelea kupepeta ulezi.

Nakueleza ilivyokuwa. Sijitetei. Miaka yote tuliyopandisha samaki kwa baiskeli kutoka Kipili, anayezidiwa mlimani anawekewa mkono mgongoni. Na anayewekewa mkono husema, "Niache, naweza." Hakuna asiyesema hivyo. Mimi nimesema. Fabiani amesema huku miguu inamtetemeka kama ya mbuzi aliyezaliwa leo. Ukimwacha mtu kwa sababu amesema niache, jioni wenzako watakuuliza mna ugomvi gani. Kwa hiyo uliposema niache, nilisikia kile ninachokisikia siku zote. Uliposema mara ya pili nilimwambia Fabiani, "Huyu ni mtoto wa mchukuzi kweli," nikaongeza nguvu.

Pikipiki niliiona. Nilidhani wanatupiga picha kwa kuwa tumependeza.

Sheria yenu sasa nimeielewa: asiguswe. Lakini kunizuia nisije ni jambo jingine. Nitasimama mbali na lami. Nijibu.

Baba yako,
Wilibrodi

---

Namanyere,
Jumapili, 14 Julai 2024

Mwanangu Ema,

U mzima? Sisi wazima. Ulezi umeshaingia ndani na upepo umeanza ule wa kung'oa mabati. Hujanijibu. Basi linafika Sumbawanga kila siku, kwa hiyo najua si basi.

Naandika kwa sababu kuna jambo linakuhusu. Afisa michezo wa wilaya yetu ya Nkasi, Bi Rosina, aliniita ofisini. Alisema kamati inafikiria kuhamishia mchujo barabara ya Matai, kwa kuwa watu wa mlima wetu hawatawaliki. Niliporudi nyumbani nikamweleza mama yako. Ndipo alipofungua mdomo, baada ya karibu mwezi mzima. Akasema Matai hakuna mlima kama huu, na wewe bila mlima ni sawa na wengine wote. "Umemwondoa mara moja," akasema, "sasa unamwondoa mara ya pili."

Kesho yake niliteremka mpaka chini ya mlima, nikawangoja wachukuzi wakipakia. Niliwaambia siku ya mchujo hakuna kumgusa mtu. Walibisha. Sadoki, yule mwenye baiskeli ya breki moja, akauliza, "Kwa hiyo mzee, mtu akifa pale konani tumpigie makofi?"

Nikasema ndiyo, tumpigie makofi.

Walicheka mpaka tenga la mtu likaanguka. Lakini waliponyamaza walikubali kitu kimoja: kwamba hakuna anayejua kama anaweza kujizuia, kwa sababu hatujawahi kujaribu. Basi tukapanga mazoezi. Wawili wanapanda na mizigo, wengine tunasimama Kona ya Matenga, mikono nyuma, tunawatazama wanavyoteseka.

Siku ya kwanza nilianza kushindwa mimi. Fabiani alikuja na matenga mawili, akayumba, mkono wangu ukaondoka wenyewe. Walinizomea: "Mwamuzi amesukuma! Afungiwe!" Siku ya pili nilijishika mkanda kwa nyuma. Fabiani alianguka na samaki wake mbele yangu nami nikabaki nimeshika mkanda. Alinitukana kwa Kifipa maneno ambayo sitayaandika. Jioni hakutaka kukaa benchi moja nami, ingawa naye alikuwa ameyakubali mazoezi.

Bi Rosina alikuja Alhamisi akajionea. Amesema ataiandikia kamati.

Mama yako anakusalimu. Mimi pia.

Baba yako,
Wilibrodi

---

Sumbawanga,
Jumapili, 4 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Kamati imeamua mchujo ubaki Kipili hadi Namanyere. Bwana Ebenezer ametuarifu Ijumaa, na amesema ni kwa sababu ya barua ya afisa michezo wa Nkasi. Ahsante.

Mimi ni mzima. Tunafanya mazoezi barabara ya Laela, upepo wa ubavuni, mpaka mtu anaendesha ameinama upande kama mti. Uzito umepungua kidogo na Mwalimu Atusaye ameridhika. Janeth, ninayelala naye chumba kimoja, alikuwa na mchezo wa kunisukuma mgongoni kila nikikaa mezani, anasema maneno ya barua yako, "Niache, naweza." Wiki ya kwanza nilikasirika. Wiki ya tatu nilimwambia abebe mwenyewe tenga la migebuka halafu tuongee. Amechoka, sasa ananipa chumvi.

Barua zako nimezisoma zote mbili. Sikujibu kwa sababu nilichokuwa nacho cha kujibu kisingekufaa wewe wala mimi.

Baba, bado nasema usije. Hasira zimeshaisha, sasa naomba tu. Nikikuona konani nitafikiria wewe utafanya nini, na pale ninatakiwa kufikiria gia. Wamechukua mwaka mzima kuiunda hii timu na nafasi ni tatu. Wa nne anarudi nyumbani.

Msalimie mama. Mwambie kiatu kipya kinanibana kidogo tu.

Binti yako,
Emerensiana

---

Namanyere,
Jumapili, 25 Agosti 2024

Mwanangu Ema,

Habari ya tangu jana? Natumaini goti limeoshwa na kufungwa vizuri. Mama yako anauliza goti kabla ya yote.

Spika za pale uwanjani zilikuwa zinakoroma, lakini nilisikia: wa kwanza Edith, wa pili Janeth, wa tatu Bertilla wa Iringa, wa nne Emerensiana. Gari la timu yenu liliondoka kabla sijapita kwenye kamba. Sijui kama uliondoka ukijua nilikuwepo pale uwanjani pia.

Uliniambia nisije, nikaja. Asubuhi ile nilikaa nyumbani hadi chai. Ndipo Sadoki alipokuja mbio kusema Fabiani yuko konani tangu alfajiri na amevua koti. Nikajua nisipokwenda, mazoezi yetu yote yataishia kwenye mgongo wako. Nilikwenda kuwashika wao. Na kukuona pia, sikatai.

Tulisimama juu ya ukingo, mbali na lami. Walipita Edith na Janeth, na pikipiki ya waamuzi ikawafuata. Baadaye mkaja wewe na Bertilla, umemtangulia kidogo. Ulipofika pale pabaya ukabadilisha gia, cheni ikatoka, ukaanguka kwa goti. Bertilla akapita.

Hapakuwa na gari wala pikipiki. Kulikuwa na sisi tu. Fabiani alisema, "Wilibrodi, hapa hakuna macho."

Nikamwambia yapo ya kwake mwenyewe.

Akashuka hatua mbili. Nikamshika shati kwa mkono mmoja na mkanda wangu kwa mwingine. Ulirudisha cheni upesi, nilikuona, vidole vyeusi. Ukapanda. Halafu ukasimama kidogo, mguu mmoja chini, ukatutazama. Nilidhani unatupima kama tuko mbali kisheria, nikawaambia warudi nyuma hatua moja. Kisha ukaondoka. Sadoki ndiye aliyeanza kupiga makofi, na wote tukapiga, mpaka ukapotea juu.

Fabiani amelala na hasira. Anasema ningemwachia ungekuwa wa tatu. Huenda ni kweli. Kama unataka kujua nami nilitaka nini, nilitaka hivyohivyo.

Niambie ukweli, na niambie unarudi nyumbani lini, ili nije stendi kukupokea mizigo.

Baba yako,
Wilibrodi

---

Sumbawanga,
Jumapili, 1 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Timu ya Arusha imethibitisha jana majina yake matatu, na mimi simo. Aliyetutangazia ni Mwalimu Atusaye. Janeth alilia kuliko mimi, na yeye amechukuliwa.

Goti limepona juu. Mwambie mama halina usaha na nilidungwa sindano ya pepopunda.

Umeomba ukweli. Bertilla alinishinda mstarini kwa nusu ya tairi. Nilimfikia tukiingia Namanyere, tukaenda bega kwa bega kupita soko, akanizidi mwishoni kabisa. Mwalimu aliniuliza nilipoteza muda wapi. Nilimwambia ni konani, akajibu kwamba cheni humtoka yeyote. Sikutaka aondoke na jibu hilo, kwa hiyo nikamweleza yote, na sasa nakueleza wewe.

Cheni nilirudisha haraka. Nilipopanda sikuondoka. Nilijua pikipiki imeshapita. Nilikuona umesimama na mkanda wako, na Mzee Fabiani na shati lake, na nikangoja. Sikuwa napima umbali, Baba. Nilikuwa nangoja mkono. Nilingoja kama pumzi mbili, na nusu tairi ni chini ya hapo.

Ninyi mlifanya mazoezi ya kutosukuma. Mimi sikufanya ya kutosukumwa. Tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, nikibeba tenga dogo nyuma yako, sijawahi kumaliza mlima ule bila mtu. Siku ya mchujo ilikuwa mara ya kwanza, na nilifika wa nne. Mzee Fabiani umwambie hivi: kama angenisukuma ningekuwa Arusha leo, na mlima wa kwanza huko ningesimama kungoja.

Kwa hiyo usije stendi. Sirudi nyumbani bado. Mtu wa timu ya Arusha amesema wataongeza mmoja kabla ya mwaka kuisha, na wanamtafuta kwenye mbio za Laela hadi Sumbawanga. Mwalimu amenibakiza hadi hapo kwa sharti kwamba nipande mlima wa Kipili kila Jumanne, peke yangu, bila gari la timu nyuma. Naanza keshokutwa. Mtakuwa mnapandisha samaki saa hizo. Mkinikuta nimesimama, nipiteni. Mkinikuta nimeanguka, nipiteni. Waambie wachukuzi ni mimi ninayeomba. Nikisema niache, nina maana ileile.

Siku ya mbio njoo, na mama aje. Yeye asimame Kaengesa, kwenye maduka, atakapopata kivuli. Wewe simama mbele ya hapo, barabara inapotoka kwenye nyumba na upepo unatupiga ubavuni, kwa sababu ndipo nitakapojaribu kuwaacha wenzangu.

Ni Jumamosi tarehe 26 Oktoba. Tunaondoka Laela saa mbili asubuhi.

Binti yako,
Emerensiana